Kuchagua pikapu mpya za gita la umeme la bei nafuu

Magita mengi ya umeme yanayopigwa Kisumu, Kakamega na Bungoma, kwenye bendi za benga na makanisani, ni nakala za Strat (Stratocaster, gita la Fender) zilizotengenezwa Uchina au Indonesia. Shingo mara nyingi huwa nzuri kuliko bei yake na mbao inatosha, ila sauti hutoka imefifia, au inachoma masikio, na mwenye gita anaambiwa abadilishe pikapu, yaani vile vipande vya sumaku na koili vilivyo chini ya nyuzi vinavyogeuza mtikisiko wake kuwa umeme. Ushauri huo ni wa kweli nusu. Pikapu hubadilisha sauti, lakini maelezo mengi yaliyoko mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya wapiga roki wanaotaka gita lingurume. Mpiga solo wa benga anataka kinyume chake: kila noti isimame peke yake juu ya besi na ngoma, safi, hata akikimbia. Akifuata ushauri wa roki atanunua pikapu "yenye nguvu" na sauti itazidi kufifia.

Kazi yote inahitaji multimita ya dijitali, chuma cha solda cha wati 40, solda ya 60/40 yenye rozini (unene wa milimita 0.8 au 1), bisibisi nyota, koleo ndogo ya kukata waya na rula ya chuma yenye alama za nusu milimita. Hivi vyote viko kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki Kisumu na Nakuru. Kinachokosekana huagizwa Luthuli Avenue, Nairobi, na kupakiwa kwenye basi.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa ni la pikapu

Anza na nyuzi. Kando ya ziwa, jasho na unyevu humaliza nyuzi haraka, na nyuzi zilizoshika kutu hazitoi sauti za juu hata ukiziwekea pikapu ya bei ya gita lenyewe. Weka seti mpya ya 010 hadi 046, au 009 hadi 042 kama mkono wako umezoea nyepesi, kabla hujahukumu chochote.

Kisha tazama gita linachomekwa wapi. Hapa ndipo pikapu nyingi zisizo na hatia hung'olewa. Gita lisilo na betri ndani linataka kuingia mahali penye ukinzani wa omu milioni moja hivi, kama ilivyo kwenye ampu ya gita. Kwenye hafla nyingi zetu ampu ya gita haipo. Kebo inaingia moja kwa moja kwenye miksa, kwenye tundu la laini ambalo ukinzani wake ni omu elfu 10 hadi 50. Tundu hilo linaibana pikapu, sauti za juu zinakufa, na gita linasikika kama limefunikwa blanketi. Pikapu mpya itaingia kwenye tundu lile lile na kufunikwa vivyo hivyo.

Jaribio lake ni rahisi. Kama miksa ina swichi ya Hi-Z au tundu lenye alama ya gita, tumia hilo. Kama haina, azima boksi la DI lenye umeme (kisanduku kinachokaa kati ya gita na miksa ili pikapu isibanwe), au pedali yoyote ya Boss, hata ile ya kutunia gita. Pedali za Boss hupitisha sauti kwenye bafa, saketi inayoilinda pikapu isibanwe, hata zikiwa zimezimwa kwa mguu, mradi zina betri au adapta. Weka pedali karibu na gita, kebo ndefu iende miksa kutoka hapo. Sauti ikifunguka, umejua kosa liko wapi, na fedha ya pikapu inunue DI.

Kebo nayo isiachwe. Ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na kila mita inaongeza mzigo unaokata sauti za juu. Mita 6 inatosha jukwaa la kawaida. Kebo ya mita 15 iliyoungwa katikati kwa tepu ni tatizo la aina mbili.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kufungua

Chomeka kebo kwenye gita, fungua volyumu na toni hadi mwisho, weka multimita kwenye 20k (k ni omu elfu), kisha gusa ncha ya jeki iliyo upande wa pili wa kebo kwa waya mmoja na shina lake kwa waya mwingine. Zungusha swichi ya gita, ukiandika namba ya kila nafasi.

Kwenye Strat, pikapu moja moja husoma kati ya 5k na 7k. Nafasi ya 2 na ya 4, ambapo pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, husoma takriban nusu yake, kama 3k. Hambaka ya kawaida, yaani pikapu yenye koili mbili, husoma 7k hadi 9k, na zile za nguvu 13k hadi 17k. Volyumu ya gita imo ndani ya kipimo, kwa hiyo namba itakuwa pungufu kidogo: pikapu ya 6k yenye poti (kile kifaa kilicho chini ya kitufe cha volyumu) ya 250k itasoma kama 5.86k. Joto nalo lina mkono wake. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, hivyo pikapu iliyoandikwa 6.0k kiwandani kwa digrii 20 itasoma karibu 6.3k mchana wa Kisumu wenye digrii 32. Usimgombeze muuzaji kwa tofauti hiyo.

Mita ikiandika "1" au OL kwenye nafasi moja tu, hamisha kwenye 2M. Ukiona 250k au 500k, unasoma poti peke yake: waya wa koili ya pikapu hiyo umekatika, au solda yake imeachia. Ikisoma sufuri, kuna waya wa sauti mahali unagusa ardhi ya gita, yaani upande wa shina la jeki. Makosa yote mawili huenda yakatengenezwa na fundi wa redio kwa dakika chache, bila kununua pikapu.

Namba ya k si nguvu ya pikapu. Waya mwembamba wa namba 43 husoma juu kuliko wa namba 42 hata mizunguko ikiwa sawa. Tumia k kulinganisha pikapu za aina moja tu, zenye waya na sumaku zinazofanana.

Hatua ya 3: Fungua, pima nafasi

Legeza nyuzi au zitoe, kisha fungua skrubu za pikigadi, ile sahani ya plastiki ya mbele. Nakala nyingi za Strat zina skrubu 11. Iinue polepole, kwa sababu waya za jeki na za chemchemi bado zimeshikilia. Piga picha mbili tatu kwa simu zenye mwanga wa kutosha kabla hujagusa waya wowote.

Igeuze pikapu. Kwenye gita la bei nafuu utaona mche mmoja au miwili ya sumaku ya kauri, myeusi, iliyogundishwa chini ya koili, na vichwa sita vya chuma cha kawaida vinavyopanda juu. Kwenye pikapu ya alniko (sumaku ya aloi ya alumini, nikeli na kobalti) ya muundo wa Strat hakuna mche: vile vichwa sita vyenyewe ndizo sumaku. Ikumbuke picha hii ya mgongo, maana ndiyo silaha yako wakati wa kununua. Muuzaji akiandika "Alnico 5" kwenye pikapu ya koili moja ya Strat, na picha ya nyuma ina mche mweusi, maandishi yanadanganya. Asiyeonyesha picha ya nyuma aombwe, akikataa, mwache. Hambaka ni habari nyingine, kwani hata zile za alniko zina mche chini.

Sasa vipimo. Pima kutoka katikati ya kichwa cha kwanza hadi katikati ya kile cha sita. Kwenye Strat ni milimita 52 kwa kawaida, ingawa seti nyingine huja na 48 shingoni, 50 katikati na 52 kwenye daraja. Kwa hambaka, ya mpangilio wa Gibson ina 49 hadi 50, na ile ya magita yenye daraja la tremolo ina 52 hadi 53. Tofauti ya milimita moja huisikii. Ya milimita tatu au zaidi husababisha uzi wa kwanza na wa sita kupita pembeni ya vichwa, na uzi wa kwanza ndio ambao mpiga benga anautegemea. Mifuniko ya plastiki ya zamani nayo itakataa pikapu yenye nafasi tofauti, basi nunua seti yenye mifuniko yake.

Kina ndicho kinachosahaulika. Miili ya baadhi ya magita nafuu ina unene wa milimita 40 hivi badala ya 45, na shimo lake ni la kina kifupi. Pima kutoka uso wa mbao hadi sakafu ya shimo, ulinganishe na urefu wa pikapu pamoja na waya na chemchemi zake. Isipotosha, pikapu haitashuka, na utakwama kwenye hatua ya kurekebisha urefu. Tazama pia umbo la shimo. Miili mingine imechimbwa shimo moja kubwa linalopokea hambaka popote. Mingine ina mashimo matatu membamba. Kwenye hiyo ya pili usichukue patasi. Kuna hambaka nyembamba zenye umbo la koili moja zinazoingia bila kukata mbao.

Hatua ya 4: Chagua

Kila pikapu ina mahali pa mlio ambapo sauti hupanda kabla ya kuanguka, na mahali hapo huamuliwa na wingi wa mizunguko ya koili pamoja na kebo. Pikapu ya Strat ya kawaida ina henri 2.4 hivi, kipimo cha koili kinachopanda mizunguko ikiongezeka. Kwa kebo ya mita 6, yaani pikofaradi 600, kilele chake kinaangukia karibu hetzi 4,200, pale ambapo mpigo wa ukucha au pleki unasikika. Hambaka ya nguvu yenye henri 8 kwa kebo hiyo hiyo inaangukia karibu 2,300. Inapiga kwa kishindo, ndiyo, lakini ule mng'ao wa juu unaotenganisha noti na noti umeondoka, na hakuna kitufe cha miksa kinachourudisha bila kuleta kelele. Ndiyo maana pikapu za roki zinapotea chini ya kinanda na besi kwenye bendi ya benga.

Kwa solo ya benga na rumba, chukua seti ya koili moja, alniko 5, waya wa namba 42, yenye 5.8k hadi 6.5k. Ya daraja ikifika 7k si mbaya, kwani uzi karibu na daraja hutikisika kidogo na pikapu hiyo huwa dhaifu na kali. Hakikisha ya katikati imegeuzwa sumaku na koili, ambayo wauzaji huiandika RWRP. Nafasi ya 2 na ya 4 zitakata mvumo wa umeme, na nafasi hizo ndizo rumba inakaa. Mpiga ridhimu anaweza kupenda alniko 2 au 3, ambazo ni laini zaidi na zina mvuto mdogo kwa nyuzi. Kwa solo zinakosa makali.

Kama unapiga kanisani, karibu na taa za LED, chaja na projekta, mvumo wa koili moja utakuudhi kila wakati wa maombi. Hapo hambaka ya 7k hadi 8.5k inafaa, au zile nyembamba, mradi uchague zenye nguvu ya chini kabisa katika orodha ya mtengenezaji. Hambaka ilibuniwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya kukata mvumo huo: koili mbili zilizozungushwa kinyume, zenye sumaku kinyume, zinaufuta mvumo na kuacha uzi.

Sumaku ya kauri si dhambi. Pikapu mbaya ya kauri ni mbaya kwa sababu ya vichwa vya chuma vinavyoongeza henri, koili iliyozungushwa ovyo na nta iliyosahaulika. Ikiwa yako inapiga sawa baada ya hatua ya 1 na kurekebishwa urefu, iache. Na kama iliyokufa ni ya daraja tu, nunua ya daraja tu.

Kwa bei, Wilkinson, Artec na Tonerider hutengeneza pikapu zinazolingana na gita la bei nafuu. Seymour Duncan na DiMarzio ni nzuri, ila seti mpya inaweza kuzidi bei ya gita, na za bandia zimejaa sokoni. Ukiagiza nje, kumbuka ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla hujafurahia bei ya kwenye skrini. Kikomo cha busara ni theluthi ya bei ya gita. Ukipita hapo, ni afadhali kuongeza kidogo na kutafuta gita zuri la mtumba.

Hatua ya 5: Poti na kapasita

Koili moja hutumia poti za 250k, hambaka 500k. Ukiweka koili moja kwenye 500k inakuwa kali. Hambaka kwenye 250k inafifia. Kapasita ya toni ni mikrofaradi 0.022 au 0.047. Poti ndogo za kiwandani zikizunguka bila kukwaruza ziache, maana zile kubwa zinahitaji tundu pana zaidi kwenye pikigadi, la karibu milimita 9.5, na plastiki nafuu hupasuka ikichimbwa kwa haraka.

Hatua ya 6: Funga

Kwa pikapu ya waya mbili, mmoja ni wa sauti na mwingine wa ardhi. Hambaka ya waya nne ina rangi zinazotofautiana kwa mtengenezaji. Kwa Seymour Duncan, nyeusi ni ya sauti, nyekundu na nyeupe huunganishwa pamoja na kufunikwa, kijani na ule usio na ganda huenda ardhini. Kwa DiMarzio, nyekundu ni ya sauti, nyeusi na nyeupe huunganishwa, kijani na usio na ganda ardhini. Za bei nafuu hazifuati yeyote, kwa hiyo soma karatasi iliyokuja nazo.

Solda ya waya wa ardhi juu ya mgongo wa poti ndiyo inayowashinda wengi. Mgongo unanyonya joto. Ukwaruze kwa msasa hadi ung'ae, paka chuma solda kidogo, kikandamize kwa ubapa wake mgongoni, kisha lisha solda kwenye poti, si kwenye chuma. Ikitambaa na kung'aa, lete waya uliokwisha kupakwa solda, shikilia sekunde mbili, ondoa chuma, na usiutikise mpaka ugande. Tone lililosimama kama duara lenye rangi ya kijivu halikushika, litaachia katikati ya onyesho. Ukipita sekunde tano au sita bila solda kuyeyuka, chuma chako ni dhaifu au kichafu; acha, kisafishe, maana joto la muda mrefu huunguza poti ndani.

Usikate waya wa ardhi unaoenda darajani. Kuna mafundi wanaoukata wakidhani ndio unaoleta mvumo. Ukishaukata, mvumo unaongezeka, kwa sababu nyuzi na mwili wako havikingi tena. Pima kutoka daraja hadi shina la jeki: isome omu moja au mbili. Na kama nyuzi zinakupiga shoti ukigusa maikrofoni, mara nyingi kosa liko kwenye jenereta au soketi isiyo na waya wa ardhi. Zima vyombo, usiendelee kupiga mpaka kosa hilo liondolewe.

Ukitaka kinga zaidi, bandika karatasi ya shaba yenye gundi ndani ya shimo na nyuma ya pikigadi, vipande vikipandana, kisha unganisha na ardhi. Hakikisha hakuna kituo cha swichi au cha jeki kinachogusa.

Kabla ya kurudisha skrubu, chomeka kwenye ampu kwa sauti ndogo, gonga kila pikapu kwa ncha ya bisibisi ukibadilisha swichi. Sauti ya "tok" itakuonyesha ipi inafanya kazi wapi. Funga nyuzi mbili, pitia nafasi ya 2 na ya 4. Zikitoka nyembamba, zimekosa besi kabisa, koili zinapingana: badilisha waya mbili za pikapu ya katikati, wa sauti uende ardhini na wa ardhi uende kwenye sauti. Pikapu yenye mfuniko wa chuma usiigeuze hivyo kabla ya kutenganisha ardhi ya mfuniko na ya koili, la sivyo mfuniko utakuwa wa sauti na utavuma ukiugusa.

Hatua ya 7: Urefu

Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya mwisho, pima kutoka juu ya kichwa cha pikapu hadi chini ya uzi: anza na milimita 2.5. Upande wa uzi wa kwanza, milimita 2. Ya shingo ishuke nusu milimita zaidi, kwa sababu uzi hapo hutikisika sana. Sumaku za alniko zikikaribia mno huvuta nyuzi: noti za uzi wa sita kuanzia freti ya 12 zinayumba kana kwamba zinapigwa mbili, na gita linakataa kukaa kwenye tuni. Watu hulaumu shingo. Teremsha pikapu robo mzunguko wa skrubu kwa wakati, upige tena.

Pikapu ikipiga filimbi kali volyumu ikipanda, haikujazwa nta. Parafini asilimia 80 na nta ya nyuki asilimia 20, zikiyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto na kushikiliwa karibu digrii 65, zitaitibu kwa dakika 10 hadi 20, mpaka mapovu yakome. Ikizidi sana, plastiki ya koili inajikunja. Tumia sahani ya umeme na kipimajoto, kamwe si jiko la makaa au gesi, kwa kuwa mvuke wa nta hushika moto.

Pikapu za zamani zifunge pamoja na waya zake, uandike juu yake ni ya daraja, ya kati au ya shingo, pamoja na namba uliyosoma kwenye hatua ya 2. Ukiuza gita, mnunuzi anayetaka la kiwandani atazidai, nawe utabaki na zako za alniko kwa gita lijalo.